Hadithi inayopita chini ya madawati

Jioni moja wakati wa prepu nilimkuta binti wa kidato cha pili ameinamia chini ya dawati. Nilidhani ni simu. Kumbe ni kaunta buku iliyochakaa jalada, imejaa hadithi ya mapenzi na uchawi iliyotungwa na mwenzake wa darasani. Ilikuwa imefika sura ya 14. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha ya wanaosubiri zamu ya kusoma. Nilihesabu majina 23.

Na ni watoto haohao ambao kwenye vikao vya walimu tunalalamika kwamba hawapendi kusoma.

Nafundisha Kiswahili, kwa hiyo lawama hii inanihusu. Darasani kwangu riwaya hupasuliwa kabla haijasomwa. Mwanafunzi hajajua kama mhusika mkuu atapona, mimi nimeshajaza ubao dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Mtihani wa kidato cha nne unataka hoja, basi wengi hununua kijitabu cha uhakiki steshenari, wanakariri hoja sita, wanaingia chumba cha mtihani. Nimewahi kusahihisha insha safi kabisa ya kijana ambaye baadaye aliniambia kitabu chenyewe hajawahi kukishika. Mwongozo wa kusahihishia ulisema anastahili alama zote, nikampa. Iliniuma.

Tena haya yanamkuta mwanafunzi katika umri mgumu. Hapa Tanzania, shule ya msingi amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mtoto wa miaka 14 aliyeshinda akipekua kamusi ili aelewe aya moja ya Baiolojia, jioni ukimwambia asome ajiburudishe, anaona umemwongezea kazi.

Baba yangu aliishia darasa la saba, lakini miaka ya 1980 alikesha na Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, kwa mwanga wa koroboi. Vitabu vile viliazimwa mtaa mzima mpaka vikanyofoka kurasa. Hakuna aliyemtungia swali.

Simu inakula muda wao, sikatai. Ila kwenye simu hizohizo wanafuatilia simulizi za WhatsApp na Facebook, sehemu ya kwanza mpaka ya 60, wakimsihi mtunzi ashushe nyingine usiku huohuo. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mvivu wa kusoma. Nenda maktaba ya mkoa wakati wa likizo: viti vimejaa vijana, lakini wamefungua madaftari waliyokuja nayo mgongoni. Rafu za riwaya ziko palepale, hazina anayezisogelea.

Naomba walimu wenzangu tutenge kipindi kimoja tu kwa wiki, kitabu kisomwe kama hadithi, bila swali na bila kuandika chochote.

Ile kaunta buku niliichukua, sheria ya prepu ndivyo ilivyo. Nikaisoma yote usiku uleule. Asubuhi nilimrudishia mtunzi pamoja na nyingine mpya, nikamwomba anipe nafasi ya 24.