Tango Siku ya Watani wa Jadi

Mimi sina ugomvi na tango. Tumefahamiana tangu utotoni, tunakutana kwenye kachumbari, tunaheshimiana, kila mtu anashika njia yake. Lakini tango kukatwa vijiti na kupangwa kwenye sinia siku ya Simba na Yanga, hapo tumevunjiana heshima.

Chanzo ni presha. Mwezi uliopita nilikwenda kupima, mashine ikasoma 150 juu, 95 chini, dokta akanitazama kama refa anayepapasa kadi mfukoni. Akasema chumvi kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo ihesabiwe mpaka ile iliyojificha kwenye mkate. Mimi niliporudi nyumbani nilikumbuka kijiko. Mama Asha, ambaye hakuwepo, alikumbuka mengine yote.

Sasa muelewe, nyumba yangu ndiyo uwanja wa mtaa. Kwa Mkapa wanaingia watu 60,000, sebuleni kwangu wanaingia kumi na wawili, kumi na watano wakiacha viatu nje. Nina runinga ya inchi 43 niliyomaliza kuilipia juzi tu. Na miaka yote chakula cha derby hakikuwa na mjadala: mihogo ya kukaanga, sambusa, mishikaki, chachandu kali, na kreti la soda. Hata ile tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walipotupiga 5-1, tulikula mihogo yetu vizuri tu. Tena siku hiyo haikuhitaji chumvi, machozi yalitosha.

(Na kabla hujacheka, Mei 2012 sisi tuliwapiga 5-0. Mkono mzima, bila wao kupata hata cha kuombea maji.)

Safari hii usiku wa kuamkia mechi nakuta beseni la dengu zimelowekwa. Nikajua kesho kuna mchuzi.

"Hizo za wageni," akasema Mama Asha.

"Wageni gani?"

"Wako."

Asubuhi akazichemsha, akazimwaga juu ya kitambaa, akaanza kuzikausha kama anafuta watoto waliotoka kuoga. Kijiko kimoja cha mafuta, nimekihesabu kwa macho yangu, binzari nyembamba, pilipili ya unga, zikaingia kwenye oveni. Dakika arobaini! Dengu zinapasuka mle ndani, na mimi nimesimama mbele ya mita ya luku naangalia uniti nilizotunzia mpira zikiyeyuka. Zilipotoka, vikaingia viazi vitamu, vimekatwa vyembamba mpaka unaona vidole vyako upande wa pili.

Mbegu za maboga ndizo zilinimaliza. Kumbe Ramadhani nzima tunakula futari ya boga, mwenzangu anaosha mbegu na kuzianika kwenye ungo juani. Mimi nilidhani anafuga kuku kwa siri. Akazikaanga kavu, bila tone la mafuta, akaziweka kwenye bakuli pembeni ya bisi zilizonyunyiziwa ndimu. Nikauliza chachandu iko wapi. Akanionyesha mtindi uliotiwa kitunguu saumu. Mtindi, jamani.

Halafu sinia likatoka. Matango ya kijani upande huu, nanasi la njano upande ule. Nikaliangalia. Kijani na njano. Nikamwangalia mke wangu, mwana Yanga wa kuzaliwa, babake alikuwa hakosi Jangwani.

"Weka basi hata tikiti," nikamwambia, "tuone wekundu."

"Tikiti limeisha sokoni."

Wageni wakaingia. Wa kwanza hata hajakaa: "Baba Asha, umehama timu hujatuaga?" Wa pili akalipiga picha sinia. Mimi nikanuna kwenye kiti changu, nikagoma kula. Nilijua nao watagoma, kisha shemeji yao aone haya, akaange mihogo. Ndiyo ilikuwa mbinu yangu.

Mbinu ilikufa dakika ya kumi. Mtu akitazama mpira mkono wake hauna akili; unakwenda kwenye bakuli, unarudi mdomoni, mwenyewe hana habari. Sebule nzima ikawa kru, kru, kru. "Shemeji, hizi dengu umezifanyaje?" Wasaliti.

Dakika ya sabini bado bila bila, tumbo langu linanguruma kuliko mtangazaji. Nikasema naenda kuangalia luku. Nikatokea mlango wa uani, nikanyoosha moja kwa moja kwenye kona, kwa Mama Muhogo. Nilikuwa na elfu mbili mkononi, nimeshaamua: vipande vinne, pilipili nyingi, chumvi nitaijibia mbele ya safari.

Karai limepoa, mafuta yametulia kama bwawa, mkaa umefukiwa jivu. Kuna kijana mdogo amekaa kwenye kigoda analinda.

"Mama yako yuko wapi?"

"Kaenda kuangalia mpira."

"Wapi?"

"Kwa Baba Asha."

Kabla sijamjibu, mtaa ukalipuka. Goli! Nikatega sikio nijue la nani. Katikati ya kelele zile kikapanda kigelegele kutoka upande wa nyumbani kwangu. Kigelegele hicho nakijua, nimelala nacho nyumba moja miaka kumi na tisa. Sikuwa na haja ya kuuliza nani kafungwa.

Nikarudi. Bakuli la dengu limebaki vumbi la binzari. Viazi hakuna. Mbegu hakuna. Mama Muhogo amekaa kwenye kiti changu, miguu kaikunja, anamuuliza mke wangu dengu zinalowekwa saa ngapi na oveni bei gani.

Nikakaa chini kwenye mkeka. Kwenye sinia kulikuwa kumebaki kijiti kimoja cha tango. Nikakichukua, nikauliza kwa upole kama kuna chumvi.

Watu kumi na watano, na Mama Muhogo wa kumi na sita, wakageuka kunitazama.