Kulaani hakutoshi, nchi zishtakiane

Nimechoka na matamko ya "tunafuatilia kwa karibu". Serikali inawaua watu wake, wizara za mambo ya nje za wengine zinatoa aya mbili za masikitiko, kesho yake biashara inaendelea. Kwangu mimi, sera ya nje inayojali haki za binadamu inapimwa kwa jambo moja: je, iko tayari kwenda mahakamani?

Gambia ilikwenda. Novemba 2019, haijatimiza hata miaka mitatu tangu mtawala wake wa kiimla, Yahya Jammeh, aondoke, iliishtaki Myanmar mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini humo. Haipakani na Myanmar. Ilichoshika mkononi ni Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948, ambao nchi zote mbili zimeuridhia. Waziri wake wa sheria wakati huo, Abubacarr Tambadou, aliwahi kufanya kazi kule Arusha katika mahakama ya kimataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Alipofika kambini Bangladesh na kuwasikiliza wakimbizi, hakuhitaji kuelezwa anachokisikia ni nini.

Januari 23, 2020 majaji kwa kauli moja waliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya, isiharibu ushahidi, na iwe inatoa ripoti. Myanmar ikadai Gambia haina haki ya kushtaki kwa kuwa haikudhurika. Julai 2022 dai hilo likatupwa: kila mwanachama wa mkataba ana haki hiyo.

Ni kweli, amri ile haikuwarudisha makwao zaidi ya watu laki saba waliokimbia kuanzia Agosti 2017. Linaniuma hilo. Lakini Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad aliyetuhumiwa kwa mauaji na mateso, naye aliishi Dakar kwa raha zake miaka mingi, mpaka Ubelgiji ilipoishtaki Senegal mahakama hiyohiyo. Mwaka 2012 Senegal ikaambiwa imshtaki au imtoe. Mei 2016, akahukumiwa kifungo cha maisha palepale Dakar.

Kinachonikera zaidi ni wakubwa. Marekani, China na India ziliridhia mkataba huohuo huku zikijiwekea kinga kwenye ibara ya 9, zisishtakiwe mpaka zenyewe zikubali. Hakuna sheria ya kimataifa inayozizuia kuiondoa kinga hiyo. Barua moja kwa Umoja wa Mataifa inatosha.