Kiti bila turufu: kwa nini Afrika haijalegeza kamba

Mwezi Septemba 2024 Marekani ilitangaza kwamba inaunga mkono Afrika kupewa viti viwili vya kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ila bila kura ya turufu, yaani haki ya mwanachama mmoja wa kudumu kuzuia uamuzi wa Baraza zima. Tangu hapo nimewasikia wengi, wakiwamo wanaolitakia mema bara letu, wakihoji kwa nini tusipokee kinachotolewa kisha tudai kilichobaki.

Hoja yao si nyepesi. Makubaliano ya Ezulwini ya Machi 2005, ambayo ndiyo msimamo wa pamoja wa Umoja wa Afrika, yalidai viti viwili vya kudumu vyenye haki zote, turufu ikiwamo. Mwaka huohuo Brazil, Ujerumani, India na Japani zilipendekeza wanachama wapya wa kudumu wasitumie turufu hadi yafanyike mapitio baada ya miaka 15. Umoja wa Afrika ukakataa. Miaka hiyo imekwisha pita na kiti hakijaonekana. Tena wanakumbusha kwamba kuwamo ukumbini pekee hakuokoi mtu: Aprili 1994 Nigeria, Djibouti na Rwanda yenyewe zilikuwa wajumbe, na Baraza likaamua kwa kauli moja kupunguza kikosi cha kulinda amani Rwanda hadi watu 270 hivi, mauaji ya kimbari yakiwa yamepamba moto. Mfano huo unaniumiza, wala sina jibu la kuufuta.

Hata hivyo, anayedhani Afrika inaililia turufu kwa tamaa hajayasoma makubaliano yenyewe, kwani yanasema wazi kwamba Afrika inaipinga turufu kimsingi, bali maadamu ipo, haki inataka kila mwanachama wa kudumu awe nayo. Msimamo huo umetokana na mambo yaliyotupata. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim, waziri wa mambo ya nje wa Tanzania, aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambao mgombea wake lazima kwanza apitishwe na Baraza la Usalama bila turufu, dhidi ya Kurt Waldheim wa Austria aliyetaka muhula wa tatu. Marekani ikamzuia Salim, China ikamzuia Waldheim, kura zikarudiwa mara 16 bila mshindi, hadi wote wawili walipojiweka kando na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Kisha ikaja Novemba 1996. Wajumbe 14 kati ya 15 waliunga mkono Boutros Boutros-Ghali wa Misri apewe muhula wa pili wa ukatibu mkuu. Marekani peke yake ikakataa, na jambo likaishia hapo. Kumi na wanne kwa mmoja: nimeipima hesabu hii mara nyingi, na kila mara inanirudisha kwenye viti. Siku hiyo Misri, Botswana na Guinea-Bissau zilikuwa mezani. Tuseme viti vyao vitatu vingekuwa vya kudumu, lakini bila turufu, kama tunavyoahidiwa sasa: matokeo yangebadilika kwa lipi? Ni kweli kwamba mrithi, Kofi Annan, alitoka Ghana, lakini mlango wa Mwafrika mwingine ulifunguliwa baada ya chaguo la kwanza la Afrika kuondolewa na nchi moja.

Wanaolaumu ukaidi wa 2005 husahau pia kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa haurekebishwi bila theluthi mbili ya wanachama, na ridhaa ya wote watano wenye turufu: Marekani, China, Urusi, Uingereza na Ufaransa. Marekani na China zote ziliupinga mpango ule wa nchi nne, kwa hiyo hata tungelegeza, kiti kisingepatikana.

Muhula wa Katibu Mkuu António Guterres unakoma tarehe 31 Desemba 2026, na atakayemrithi atapita katika tundu lilelile la sindano. Mimi ningekubali kulegeza kwa sharti moja tu: tarehe ya Afrika kuanza kutumia turufu iandikwe ndani ya Mkataba wenyewe, isiachiwe mapitio ambayo yeyote kati ya wale watano anaweza kuyakwamisha.