Bango la Sarakasi la 1843: Kuna Haja Gani ya Kulichapa Tena kwa Herufi za Mbao?

Tarehe 14 Februari 1843, sarakasi ya Pablo Fanque, Mwingereza mweusi aliyekuwa na sarakasi yake mwenyewe, ilitangazwa kufanya onyesho mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Bango la onyesho hilo lingepotea kama mengine mengi, ila mwaka 1967 mwanamuziki John Lennon alilinunua katika duka la vitu vya kale huko Kent, na sehemu kubwa ya maneno yake ikaingia katika wimbo wa bendi yake, Beatles. Miongo kadhaa baadaye mbunifu mmoja wa Uingereza aliamua kulichapa upya kwa njia za enzi ya Malkia Victoria: herufi za mbao na za madini ya risasi, na michoro iliyochongwa kwa mkono. Zikatoka nakala 1,967.

Wapo wanaouliza: ya nini tabu yote hiyo? Kompyuta ina fonti zilizonakiliwa kutoka herufi za mbao, na programu zinaweza kuongeza hata madoa ya wino uliokosa kushika vizuri. Herufi za kale ni ghali, na seti nyingi zina mapengo. Wachongaji wa mbao wamebaki wachache. Anayetazama bango ukutani akiwa hatua tatu nyuma huenda asitambue tofauti. Kwa mbunifu mwenye bajeti finyu na mteja anayempigia simu kila asubuhi, hoja hii ni nzito, na simlaumu akiifuata.

Lakini hoja hiyo inasahau sura ile ya mabango ya kale ilitoka wapi. Mpanga chapa alipanga herufi kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ndani ya fremu ya chuma. Kila upenyo aliuziba kwa vipande vya mbao na risasi, kisha akakaza kabari hadi vyote vikabanana. Mstari ukilegea, herufi zilicheza na kuchomoka. Neno fupi lililotakiwa kujaza upana wa bango lilipewa herufi nono, na neno refu likapewa nyembamba. Herufi E zikimwishia katika seti moja, alilazimika kutafuta seti nyingine. Kulikuwa pia na mashindano ya kuvuta macho ya wapita njia, ila mchanganyiko ule wa maumbo tunaouiga leo ulitokana kwa kiasi kikubwa na mikono iliyohangaika na vitu vigumu visivyonyumbulika. Kwenye kompyuta herufi hunyooshwa upendavyo. Ndiyo maana mabango mengi ya kuiga huonekana yamejaa mapambo bila mpangilio: hakuna kilichomlazimisha mbunifu kuchagua.

Upande wa watetezi wa mikono nao una dosari yake, na ni lazima isemwe. Wateja wa leo hupenda karatasi nene iliyobonyea, wapitishe kidole wayahisi maneno. Wachapaji wa kibiashara wa karne ya 19 kwa kawaida walilikwepa jambo hilo, kwa sababu kukandamiza mno kulichakaza herufi na kuacha alama nyuma ya karatasi. Hivyo kadi nyingi zinazouzwa kwa jina la Victoria zinabeba kile ambacho msimamizi wa kiwanda cha wakati ule angekitupa.

Hata usafi wa njia wanaoudai haukuwepo. Mbunifu Mwingereza William Morris alipoanzisha Kelmscott Press, kiwanda chake cha kuchapa vitabu, mjini London mwaka 1891, alitumia mtambo wa mkono na karatasi zilizotengenezwa kwa mkono, akilenga uzuri wa vitabu vya karne ya 15. Hata hivyo, herufi zake za kwanza alizichora akitazama picha za kamera zilizokuza kurasa za vitabu vya kale vya Venice, Italia. Kamera ilikuwa teknolojia ya wakati wake, naye hakuona haya kuitumia.

Kwa hiyo sioni kosa mbunifu wa sasa akikata herufi zilizokosekana kwa mashine ya leza, au akachapa mchoro kwa bamba la plastiki badala ya mbao iliyochongwa. Ninachokishikilia ni kule kupanga. Herufi zipangwe kwa mkono ndani ya fremu na kukazwa kwa kabari kabla mtu hajachagua ukubwa wa mstari unaofuata, kwa sababu ubunifu wa bango la Rochdale ulifanyika hapo. Na kama mradi hauna muda wala fedha za kufanya hata hilo, basi afadhali mbunifu atumie kompyuta na atengeneze bango la leo, bila madoa ya kubandika.