Ngamia Aliyekula Risiti ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu ni mtu wa Kariakoo. Anauza mashuka na mapazia, na kila akija China haendi zaidi ya Guangzhou: anachagua mzigo, analipa, anageuza. Safari hii nilimshawishi aje Lanzhou ninakosoma, kisha twende Dunhuang, mji wa jangwani ambako misafara ilikuwa ikipumzika kabla ya kulikabili jangwa la Taklamakan.

"Nifuate mchanga huko kwani Coco Beach imehama?"

Nikamwambia wauza hariri wengi wa zamani, Wachina kwa wageni, walipita pale. Wafanyabiashara wenzake. Hapo akalainika.

Kwenye vilima vya mchanga vya Mingsha, pale Dunhuang, bei ya kupanda ngamia imebandikwa kwa tarakimu kubwa. Kwa mama mdogo, bei iliyobandikwa ni mwanzo tu wa maongezi. Akasimama dirishani, foleni ikizidi kurefuka nyuma yetu, akaniamuru nitafsiri: huyu mwanafunzi, mimi mjane, tupunguzie.

"Mama mdogo, mjane nani? Baba mdogo si yupo Tabata?"

"Tafsiri."

Nikatafsiri. Dada wa dirishani hakupunguza hata yuan moja, lakini alinipa pole ya msiba.

Tukavalishwa soksi kubwa za rangi ya chungwa juu ya viatu ili mchanga usiingie, tukapandishwa. Ngamia wa huko ana nundu mbili, wewe unakaa katikati. Wanafungwa watano watano, kamba ikitoka kwa wa mbele hadi kwenye kijiti kilichotobolewa puani mwa anayefuata, mtindo ule ule wa misafara ya zamani. Siku za watalii ngamia wanakuwa wengi mno, hata mwaka 2021 wakawekewa taa zao za barabarani, zenye picha ya ngamia mwekundu na ngamia wa kijani. Mama mdogo akazipiga picha na kuzirusha kwenye kundi la familia: "Huku ngamia anasubiri taa. Bodaboda wetu mpo?"

Kuna jambo ambalo picha za watalii hazikuonyeshi. Mkiwa kwenye mstari, kichwa cha ngamia wa nyuma kinakaa pajani mwako. Wangu alikuwa na kope ndefu kama za bibi harusi, na mdomo wa juu uliopasuka katikati, kila upande ukijiendea kivyake. Alinitazama mimi, akautazama mkoba, akarudi kunitazama.

Mkoba ulikuwa wa mama mdogo. Alinipa mimi ili apate mikono miwili ya kukumbatia nundu. Ndani mlikuwa na bahasha ya kaki yenye korosho za chumvi kutoka Mtwara, na ndani ya bahasha hiyo hiyo, "mahali ambapo mwizi hawezi kufikiria", risiti ya malipo ya awali ya robota zake: nakala ya waridi, imeandikwa kwa mkono, muhuri mwekundu juu. Na mwizi kweli hakufikiria. Alinusa. Ngamia anapenda chumvi sana.

Wakati huo mimi nilikuwa nikimpigia mama mdogo kelele za historia. Nilikuwa kwenye habari za Miwnay, mwanamke wa Kisogdia, kabila la wafanyabiashara wa pande za Samarkand, aliyetelekezwa na mumewe hapo hapo Dunhuang mwanzoni mwa karne ya 4, yeye na binti yake, hela hana. Barua yake ilikutwa mwaka 1907 kwenye magofu ya mnara wa ulinzi. Alimwandikia mume kwamba heri angeolewa na mbwa au nguruwe kuliko yeye.

Mama mdogo akageuza shingo. "Aliandika hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Alichelewa."

Ndipo nikasikia karatasi ikichanika. Nilipogeuka, bahasha ilikuwa imeshafika kooni na kipande cha waridi kinaning'inia mdomoni. Nikavuta. Akavuta. Mimi nikabaki na pembe yenye nusu ya muhuri, yeye akabaki na biashara yote. Kisha akanitemea kitu cha kijani kifuani, akaendelea kutafuna huku akitazama mbali.

"Mzigo wangu!" Mama mdogo alipiga ukelele hadi msafara wa pili ukageuka. Mzee aliyekuwa akituongoza akamwambia kwa upole asiogope, ashike vizuri.

"Mwambie siogopi! Nadai!"

Tuliposhushwa, ngamia wake akapiga magoti ya mbele kwanza, kama ilivyo desturi yao, na madai yote yakaishia usoni mwa nundu.

Muuzaji wa Guangzhou akajibu kwa simu: bila risiti, mzigo hautoki. Nikajaribu kumtuliza mama mdogo kwa kesi ya Cao Lushan. Miaka ya 670, Msogdia huyu alimshtaki mfanyabiashara wa Kichina aitwaye Li, aliyekuwa amekopa majora 275 ya hariri kwa kaka wa Cao. Kaka aliondoka na ngamia zake, hakuonekana tena, na mkataba ukapotea naye. Mahakama ikasikiliza mashahidi wawili waliouona mkataba, ikaamuru Li alipe. Na riba.

"Mashahidi wawili," akasema mama mdogo, na machozi yakakauka pale pale.

Wa kwanza akawa mzee wa ngamia, aliyerekodiwa akiapa kwamba mnyama wake amekula karatasi ya waridi ya mama huyu. Wa pili alikuwa binti aliyempanda yule mwizi. Huyu alikuwa amerekodi video ya tukio zima, tangu korosho ya kwanza, huku anacheka, asinishtue hata kwa kikohozi. Zote mbili zikatumwa Guangzhou. Hatujavua hata zile soksi, ukaja ujumbe wa sauti: kicheko kirefu, sauti za wauzaji wa vibanda vya jirani nao wakicheka, kisha neno kwamba nakala yake anayo kitabuni, mzigo utatoka.

Yule mzee akatusogelea. Alitaka yuan 50 za dawa, maana tumbo la ngamia si la kulishwa wino.

Mama mdogo akafungua mkoba, akatoa kalamu, akaniomba kile kipande cha risiti, akaanza kuandika upande wa nyuma. "Korosho nusu kilo, daraja la kwanza," alisema bila kuinua macho. "Usafiri kutoka Mtwara. Mwulize, anaandikiwa kwa jina lake au la ngamia?"