Bismillahi ndani ya roki: Farrokh alitukosea?

Barazani kwetu Mji Mkongwe tupo watano tuliozeeka na Queen, bendi ya roki ya Uingereza aliyoimbia Freddie Mercury. Tulianza na kaseti zilizorikodiwa kutoka kaseti nyengine, tukizirudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe. Hadi leo tunabishana juu ya Bohemian Rhapsody, wimbo wa 1975. Mle katikati kundi moja la sauti linaomba mtu aachiwe, jengine linakataa, na katika mvutano huo linatamkwa "Bismillah", si mara moja.

Mwenzetu mmoja, aliyesomesha chuo cha Kurani miaka mingi, hupunguza sauti kila inapofika hapo, kisha huiongeza. "Jina la Mola tunaanzia chakula, tunaanzia safari," husema. "Vipi litiwe kwenye magitaa, bwana?" Hoja yake si ya kupuuzwa. Hata taarab yetu, tuliyonayo na vikundi vyake tangu Ikhwani Safaa ya 1905, hunyamaza mwezi wa Ramadhani ukiandama. Mpaka baina ya ala na ibada tumeuweka wenyewe.

Mimi humjibu kwamba Farrokh Bulsara, ndiye Freddie Mercury, hakuliokota neno lile kitabuni. Alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi wa dini ya Zoroasta. Akapelekwa skuli ya bweni India, akarudi, akakaa hadi familia ilipohamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Mtoto wa mji huu, awe wa dini gani, hulisikia Bismillahi kwa muuza duka anapofungua mlango na kwa mama wa jirani anapotua chungu. Na wimboni limekuja mahali pa hofu, mtu anagombewa roho yake. Mtu wa hapa akishtuka, hata asiyeswali, hutamka hilo kwanza. Sioni dhihaka hapo.

Ila hoja yangu inanigeukia nikifika Mustapha, wimbo unaofungua albamu ya Jazz ya 1978. Jina la Allah, Ibrahim, salamu zetu, vyote vimechanganywa na maneno yasiyo na maana, kwa mahadhi yanayokaribia ya mwadhini. Na Mustafa ni jina la sifa la Mtume wetu. Sauti yake mle inanisisimua, sikatai. Lakini nikisema alilijua neno kwa kuishi nasi, basi na uzito wake aliujua. Siwezi kumtetea kwa kwao kuwa hapa, kisha nikamsamehe kama mgeni.

Wenzangu huleta Jesus, ya albamu ya kwanza ya 1973: mtu asiye Mkristo anamwimba Yesu na mwenye ukoma bila kejeli yoyote. Ni ushahidi mzuri wa nia yake, kwamba dua za watu zilimvuta. Mwenyewe aliagwa kwa ibada ya Kizoroasta, London, 1991. Mzozo wa 2006, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipopinga sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake, ulihusu maisha yake zaidi kuliko nyimbo. Huo ni mjadala mwengine.

Juzi adhana ya isha ilitukuta wimbo uko katikati. Niliuzima mimi. Tulipotoka msikitini, mwalimu akauwasha pale pale ulipoachwa, na neno lilipokaribia akapeleka mkono kwenye kitufe. Nikamsubiri amalize.