Fundi wa kandarasi akianguka, nani wake?

Shemeji yangu alianguka kutoka ghorofa ya kwanza kule Kiamunyi, Nakuru, akipiga plasta. Ubao wa jukwaa uliteleza. Mwenye mjengo alimlipia teksi ya hospitali, akamtumia elfu tano na pole nyingi, kisha simu yake ikazimwa. Sisi tukafungua grupu la mchango. Mweka hazina alipatikana kabla mgonjwa hajapigwa picha ya mguu.

Wajuaji wa grupu wakasema adai fidia ya WIBA, ile sheria ya 2007 ya wanaoumia kazini. Ni sheria nzuri: inamtaka mwajiri akate bima, na aliyelemaa kabisa hulipwa mapato ya miezi 96. Ila inamlinda mwajiriwa. Shemeji alikuwa amechukua kandarasi, plasta ya nyumba nzima kwa bei moja, wasaidizi ajitafutie. Kwa hiyo yeye ni mfanyabiashara, hata kama mtaji wote ni mwiko, karai na magoti yake. Tena wale vijana wawili wa kumchanganyia simiti, mwajiri wao ni yeye! Wangeanguka wao, ningekuwa namchangia akajibu kesi.

Mimi napaka rangi Mississauga, Kanada, nami ni wa kandarasi vilevile. Lakini tangu Januari 2013 jimbo la Ontario humlazimu hata fundi wa ujenzi anayejitegemea awe na bima ya WSIB, bodi ya serikali ya kufidia wanaoumia kazini. Nalipa kutoka mfukoni mwangu, na kila tarehe ikifika nanung'unika hadi mke wangu anatoka jikoni. Msidhani nalipa kwa kuwa huku watu ni wastaarabu. Nalipa kwa sababu kontrakta haniruhusu kwenye mjengo bila cheti cha bodi kinachoonyesha sina deni. Asipokidai, malipo yangu yanaweza kumrukia yeye. Foromani huulizia cheti kabla ya kuniuliza jina.

Si peponi. Ukikarabati nyumba ya mtu kwa mapatano yako na mwenye nyumba moja kwa moja, lazima hiyo haikuhusu, na wengi wetu ndiko tunakopata kibarua cha wikendi. Nimepanda ngazi nyingi Jumamosi bila bima, nikimwomba Mungu kwa Kiswahili.

Nakuru tunavyo vya kuanzia. Mradi wa ujenzi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ramani hupitia kaunti, na mamlaka hiyo ina utaratibu wa kuwatambua mafundi. Basi aulizwe mwenye mjengo: mpiga plasta wako ana bima? Ulizo liwekwe hapo, kabla ya tofali la kwanza. Likiachiwa fundi mwenyewe, atachagua karo ya mtoto, na mimi pia ningechagua karo.

Shemeji sasa anatembelea magongo. Jana alinipigia kuuliza kama rangi ya huku hunuka kama ya kwetu. Hakutaja mguu, nami sikuuliza, kwa maana mchango wa awamu ya pili ulikuwa bado haujatimia.